Paji Lisilo na Chumvi

Sogeeni huku ndani, mvua hii haina adabu. Shija, toa kidole kwenye kibuyu cha chumvi, nimekuona. Unailamba tu, wala hujui nani aliwahi kuililia. Haya, kaa hapo karibu na Kulwa, na nisikutaje tena. Nikisema "Kulikuwa", nyote mniitikie "Kukawa". Asiyeitikia, maharage haya yakiiva ataangalia wenzake wakila.

Kulikuwa.

Kukawa.

Kulikuwa na kale, tena kale yenyewe, milima ikiwa bado inatafuta pa kukaa na mito ikiulizana njia. Katika kale hiyo palikuwa na mahali pakiitwa Kamunyu. Ardhi yake nyeupe, jani halioti, na katikati yake chemchemi ya maji ya chumvi. Watu wa Kamunyu walichota, wakachemsha, wakakwangua. Walichota, wakachemsha, wakakwangua. Moshi wa vyungu vyao ulionekana kutoka mbali, na nchi nzima ilikula chumvi yao.

Watu hao waliamini kwamba chini ya chemchemi wamelala mababu na mabibi zao, na kwamba ile chumvi ni jasho lao. Wamekufa, lakini hawajaacha kuwafanyia kazi wajukuu. Usicheke, Kulwa. Hukuulizwa kama unaamini. Unaambiwa wao waliamini, na hilo ndilo la kushika.

Chemchemi ilikuwa na mwenyewe, na wakati huo mwenyewe alikuwa Kasanda. Mwenye chemchemi, tangu siku anapokabidhiwa, ngozi yake haiguswi tena na maji matamu. Ya kunywa atakunywa kama mimi na wewe. Kuoga, anaoga ya chemchemi tu. Kwa hiyo Kasanda alikuwa na michirizi myeupe shingoni na kwenye nyusi, na mvua ikitishia kidogo tu, mzee mzima anakimbilia ndani na ungo kichwani. Watoto walimcheka, na yeye alijicheka pamoja nao.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo palipo na kidonda. Mwenye chemchemi akifa, haoshwi. Analazwa na chumvi yake mwilini, na anayemrithi anaingia peke yake, anainama, anagusa paji la maiti kwa ulimi. Akionja chumvi, basi mizimu imemtambua aliyekwenda, na imemkubali anayekuja. Moto unaendelea kuwaka. Asipoionja, hakuna urithi, na moto unazimwa. Jambo hilo lilifanyika mara moja tu katika kizazi, ndani, mlango umefungwa. Ninyi nimewaambia. Feruzi hakuambiwa, kwa sababu Feruzi hakuuliza.

Feruzi ni nani? Ni mtu wa swala. Alitoka upande wa ziwa na wenzake wachache, wakajenga ng'ambo ya kijito, wakasimamisha msikiti wao wa udongo, wakawa wanachukua chumvi ya Kamunyu na kuitembeza nchi za mbali. Alikuwa mtu mwema. Nasema mapema msije mkamtafutia pembe kichwani. Alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa, na ulimi wa utani, na alimpenda Kasanda kuliko alivyowapenda ndugu zake wa tumbo moja. Walikuwa watani. Feruzi akimwita Kasanda kipande cha samaki mkavu, Kasanda akimwita Feruzi chura, kwa jinsi alivyokuwa anatawadha mara kwa mara. Na mnajua kazi ya mtani. Siku za raha anakutukana, siku ya msiba anakushughulikia.

Ikatokea mwaka mmoja Feruzi yuko safarini, mtoto wake wa kike, Siti, akashikwa na homa akafa. Mkewe, Bi Hadiya, alikuwa peke yake, wanaume wote wa swala wako njiani na mizigo, amebaki na vikongwe wawili. Kasanda akaja. Akasimama mlangoni, akauliza, "Shemeji, kwenu mtoto anafanywaje?" Bi Hadiya akamweleza. Anaoshwa kwa maji safi, anavishwa sanda, analazwa mbali na nyumba, uso umeelekezwa upande fulani.

Maji matamu, wajukuu zangu. Kasanda alijifunga ngozi ya mbuzi mikononi hadi kwenye viwiko, akaenda kijitoni, akayabeba yale maji hatua kwa hatua, akiogopa kila tone. Akayatua mlangoni, wanawake wamwoshe mtoto wao. Akachimba kaburi. Akauliza tena uso uelekee wapi, akasawazisha udongo kwa kiganja. Na kwao Kamunyu, mtoto mdogo huzikwa karibu na mlango wa mama yake, asione upweke. Kumlaza Siti kule nyikani peke yake kulimchoma. Bi Hadiya alimwona akifuta macho kwa ile ngozi ya mbuzi. Lakini hakusema neno, kwa sababu mtoto hakuwa wake, wala imani haikuwa yake.

Feruzi aliporudi akaambiwa. Akamshika Kasanda mikono, akalia. Akamwambia, "Mtani, deni hili sitaweza kulilipa." Kasanda akamjibu kwamba hakuna deni kwenye msiba.

Kulikuwa.

Kukawa.

Kila kiangazi mwenye chemchemi alikwenda mwenyewe kumpelekea mtemi chumvi ya heshima, na Feruzi alimsindikiza kwa sababu alizijua njia. Kiangazi kimoja walikwenda wazima. Walifika, wakapokewa, wakala, wakaanza kurudi. Kwenye pori kavu, mahali ambapo hata ndege hawasikiki, Kasanda akaanza kutetemeka. Mara anaona baridi juani, mara anazungumza na watu wasiokuwepo. Feruzi akamtengenezea kivuli cha matawi, akakaa pembeni yake.

Jua lilipokuwa linapungua, akili ya Kasanda ikamrudia. Akamshika mwenzake nguo.

"Mtani."

"Nipo, mtani."

"Mimi siondoki hapa kwa miguu yangu. Nirudishe nyumbani. Binti yangu Nyamizi yupo, atajua la kufanya. Ila wewe usinioshe."

Feruzi akageuka kurekebisha kivuli. Kasanda akamvuta nguo tena. "Umesikia? Usinioshe."

"Nimesikia," akasema Feruzi.

Nimesikia. Mwangalieni huyo. Hakusema nitafanya, hakusema siwezi. Alisema nimesikia, neno ambalo hata kuta zingeweza kulisema kama zingekuwa na mdomo. Na Kasanda, kwa kuwa alimwamini, alilipokea kama kiapo. Akalala, na hakuamka.

Feruzi akakaa na mwili wa rafiki yake pale porini. Akamtazama: michirizi ya chumvi shingoni, vumbi la safari, nywele zimegandamana. Kwao mtu haendi mbele ya Mola wake namna hiyo. Akaona aibu kwa niaba ya rafiki yake. Akaona hofu kwa niaba yake. Akamfikiria Kasanda anafika huko anakokwenda, amesimama mlangoni mchafu, anakataliwa, na yeye Feruzi alikuwa na maji kibuyuni.

Shetani hakumjia Feruzi, msidhani hivyo. Kilichomjia ni mapenzi. Akajiambia, nitamwosha hapa, hakuna anayeona. Nitamwombea dua. Kisha nitampeleka kwao, nao watafanya ya kwao. Njia zote mbili zitakuwa zimetimia, na hakuna atakayedhurika. Hivyo ndivyo alivyopanga. Aliweza kupanga hivyo kwa sababu miaka yote ile, pamoja na utani wote ule, hakuwahi hata siku moja kumuuliza Kasanda kwa nini haogi maji matamu. Aliona ni mchezo wa watu wasiojua. Alimheshimu mtu, akaidharau imani yake, akadhani vitu hivyo viwili vinatengana.

Akamimina. Akamwosha taratibu kama walivyomfundisha kwao, kulia kisha kushoto, kichwa, uso, paji. Chumvi ya miaka ikayeyuka ikaingia mchangani. Hakubakiza maji hata ya kulowesha koo lake mwenyewe. Akamvisha shuka yake safi aliyoihifadhi kwa swala ya Idi. Akafunga matawi, akamlaza juu yake, akaanza kumburuta kuelekea nyumbani, midomo imepasuka kwa kiu, na moyoni amefurahi kidogo. Ndiyo, amefurahi. Alijiona amelipa deni.

Kamunyu walimpokea kwa kilio. Wakaona alivyodhoofika, wakaona mabega yaliyochubuka, wakamshika, wakamnywesha uji, wakambariki. Wazee walisema hakuna mtani kama huyu. Feruzi akakaa ukutani, nje ya nyumba ya msiba, akapokea pole zao.

Nyamizi, binti wa Kasanda, akaitwa. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, amelelewa kwa ajili ya siku hiyo. Baba yake alimfundisha vyungu, alimfundisha moto, alimfundisha majina yote ya waliolala chini ya chemchemi. Akaingia. Mlango ukafungwa. Nje, watu wa Kamunyu wakasimama karibu na vyungu vyao, kuni mkononi, wakisubiri wachochee.

Alikaa ndani. Akakaa. Vyungu vikaanza kutulia, moto ukawa unashuka, na bado hajatoka. Mzee Lubigisa, ndugu mdogo wa Kasanda, akasogea akafungua mlango kidogo. Akamkuta Nyamizi amepiga magoti, amegusa paji la baba yake, amegusa shavu, amegusa kiganja. Ameonja kila mahali.

"Baba mdogo," akasema, "hana chumvi."

Lubigisa akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Baadaye ilijulikana alichomwambia. Alimwambia atoke nje aseme ipo. Watu wanangoja, watoto wanataka kula, na hakuna mwingine atakayejua. Alimbembeleza hadi machozi yakamtoka.

"Nikisema ipo," Nyamizi akamjibu, "nitawadanganya wazee wangu kwa ulimi huu huu niliomwonjea baba. Halafu nikawaombe nini tena?"

Akatoka. Akasimama mbele ya watu, akasema lile neno, na hakupaza sauti. Hana chumvi.

Watoto, kuna kimya cha watu wanaosikiliza na kuna kimya cha watu walioanguka. Hicho kilikuwa cha pili. Na katika kimya hicho Feruzi, pale ukutani, akaelewa. Angeweza kunyamaza. Wangesema mizimu imekasirika, au mtemi amemroga, na yeye angebaki kuwa mtani mwema. Nampa haki yake, hakunyamaza. Alisimama akishikilia ukuta.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwosha."

Nyamizi akamgeukia. Tangu utoto alimwita baba yake wa ng'ambo ya kijito. "Kwa maji gani, baba?"

"Ya kibuyu changu. Sikubakiza hata ya kunywa."

"Yeye alikuomba nini?"

Feruzi akatazama chini. "Aliniomba nisimwoshe."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu nimesikia."

Vijana waliinua kuni zao. Nyamizi akanyoosha mkono, wakazishusha. Akasema baba yake hakumlea ili siku ya maziko yake damu imwagike kwenye chumvi. Kisha akaenda kwenye chungu kikubwa, kile cha baba yake, akakimwaga, akakigeuza, mdomo chini. Mmoja mmoja watu wakafanya vivyo hivyo. Wengine walilia kwa sauti, wengine vyungu viliwaponyoka vikavunjika. Jua lilipotua, Kamunyu haikuwa na moshi hata mmoja, na hilo halikuwahi kuonekana tangu milima ilipopata pa kukaa.

Kulikuwa.

Kukawa.

Itikieni vizuri. Najua inauma.

Feruzi alikwenda kwa Mwalimu Haruni, mkubwa wa msikiti wao, akitafuta wa kumtuliza. Akamweleza yote. Akasema alichokifanya ni kwa kumtakia pepo rafiki yake.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akisugua goti lake. Kisha akamuuliza, "Aliwahi kukuambia anataka kuwa mtu wa swala?"

"Hapana."

"Basi nani alikutuma? Kumwosha wa kwetu ni wajibu wetu. Yule hakuwa wa kwetu, na kwake hukuwa na wajibu ila mmoja, wa mdomo wako. Alikuomba, akafa anakuamini. Dini yetu haikukuagiza umwoshe, Feruzi. Ilikuagiza utimize ahadi. Umeivunja dini yake na yako kwa kibuyu kimoja."

Feruzi akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo mgongo wake ukapinda.

Watu wa Kamunyu wakaondoka, nyumba moja leo, nyingine mwezi ujao. Hawakuwa na chumvi ya kuchemsha wala cha kubadilishana na mtama. Walikwenda kuomba mashamba kwa watu wa milimani, na waliotoa chumvi kwa nchi nzima wakawa wanaomba chumvi ya watu. Nyamizi naye alikwenda, akaolewa huko, akalima. Wale watu wa swala nao, biashara ikiwa imekufa, wakarudi upande wa ziwa. Bi Hadiya alifia pale pale, akazikwa karibu na Siti. Msikiti ukabaki na Feruzi peke yake, na mvua ikaanza kuula.

Wenziwe walimsihi waondoke wote. Alikataa. Kila asubuhi alivuka kijito, akafagia uwanja wa chumvi, akaondoa majani yaliyoletwa na upepo, akahakikisha vyungu vyote vimelala mdomo chini kama walivyoviacha. Hakugusa chemchemi. Wapitanjia walimwona kizee amepinda anafagia mahali pasipo na watu, wakadhani amerukwa na akili. Hakurukwa. Laiti angerukwa, angepumzika.

Akazeeka, akaanguka kitandani. Hofu ikamjia, ile ile aliyomwonea Kasanda porini, safari hii ikiwa yake. Nani atamwosha? Nani atajua uso wake uelekee wapi? Mpitanjia mmoja alimkuta anayasema hayo peke yake, akayafikisha milimani, hadi masikioni mwa Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mtu mzima sasa, na mvi zimeanza. Alikaa na ile habari, hakula siku hiyo. Asubuhi akafunga mzigo, akashuka. Lakini hakwenda kwa Feruzi kwanza. Alikwenda upande wa ziwa, njia ndefu ya kuchosha, akawatafuta watu wa swala, akawaambia mtu wao anakufa Kamunyu na hana wa kumshughulikia. Wakamfuata wanaume kadhaa, wazee watatu nyuma na vijana mbele.

Walipofika, Feruzi alikuwa bado anapumua. Alimwona Nyamizi mlangoni akadhani ni kifo kimekuja na sura hiyo. Machozi yakamtoka. Nyamizi hakumkaribia. Aliwaambia wale wanaume wamshike mkono, wamsomee ya kwao. Naye akaenda kuketi kivulini, akangoja.

Alipokata roho, waliomba maji. Kijito kilikuwa kimekauka upande wa msikiti, maji yalikuwa yamebaki kwenye dimbwi la juu, ng'ambo ya uwanja wa chumvi. Nyamizi akabeba mtungi. Njia fupi ilikata katikati ya uwanja, karibu na chemchemi, na kwao maji matamu hayavushwi pale. Akazunguka. Akazunguka uwanja wote na mtungi kichwani, jua likimpiga, akaenda na akarudi, akaenda na akarudi, hadi wale wanaume walipomwambia yanatosha. Hakuyamwaga hata tone kwenye chumvi ya wazee wake, na Feruzi hakupungukiwa hata tone la kuoshea.

Walimwosha, wakamvisha sanda, wakamsalia, wakamlaza karibu na Hadiya na Siti, uso ukielekea anakotakiwa kuelekea. Nyamizi alisimama mbali kidogo hadi udongo uliposawazishwa.

Mkubwa wa wale wanaume akamfuata kumshukuru. Akamwambia, "Mama, moyo wako ni mkubwa. Umemsamehe."

"Sijamsamehe," akasema Nyamizi. "Baba yangu yuko mahali asipotambulika, na mimi nikifa sitamkuta. Hilo sisamehi. Lakini maji haya hayakuwa yangu ya kumnyima. Aliyaamini."

Akachukua mtungi wake mtupu, akapitia kwenye uwanja safi, uliofagiwa, akasimama kidogo mbele ya chungu cha baba yake. Hakukigeuza. Akapanda mlima.

Kulikuwa.

Kukawa.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkienda huko mtakutana na watu wanaoomba tofauti na sisi, wanaozika tofauti, wanaokula na kufunga tofauti. Sikuwaambia muamini ya kwao. Kasanda hakuamini ya Bi Hadiya, lakini alimuuliza, na akafanya alivyoambiwa. Feruzi alipenda bila kuuliza, na mmeona wenyewe kilichobaki. Mtu akikuomba jambo la imani yake, mwambie nitafanya, au mwambie siwezi. Usimwambie nimesikia.

Kisa nimekitua hapa kizingitini, anayekitaka akiokote, asiyekitaka akiruke, ila asikikanyage. Maharage yameiva. Shija, lete kile kibuyu cha chumvi, na ukishike kwa mikono miwili.